Alama zimeshuka, lakini huenda si kumbukumbu: kutatua matatizo ya majaribio ya kuoanisha

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi aliyeko Mombasa na mradi mkononi. Pengine ana njiwa manga darini kwao Mji wa Kale, pengine ana tableti na orodha ya wazee wa Kisauni waliokubali kukaa naye nusu saa. Jaribio lenyewe halina mafumbo. Unaonyesha kitu kimoja, tukiite kielelezo. Unakiondoa, unangoja kidogo, kisha unaleta viwili au zaidi, na mjaribiwa achague kilicho sawa na kile cha kwanza. B. F. Skinner alieleza njiwa wakifanya kazi ya namna hii mwaka 1950, na mwaka 1959 Donald Blough akachapisha matokeo ya njiwa waliongojeshwa hadi sekunde 10 kabla ya kuchagua. Tangu hapo wamepitia humo kima, nyuki, kunguru, watoto wa shule na wagonjwa wa ubongo.

Tabu iko katika kulisoma kosa. Linaweza kutoka kwenye jicho, tumbo, kidole, adabu au kumbukumbu, na kwenye karatasi ya alama yote huandikwa sifuri ile ile.

Kwa hiyo kabla hujashughulikia dalili yoyote kati ya zifuatazo, fanya kipimo kimoja. Endesha jaribio bila kungoja kabisa, kielelezo kikiwa bado kipo mbele yake wakati machaguo yanatokea. Akipata 95% hapo na 60% baada ya sekunde 8, una jambo la kumbukumbu la kuchunguza. Akipata 60% hapo na 60% kule, kumbukumbu haijahusika bado: haoni tofauti, au hajaelewa kazi, au hana haja na tuzo yako. Wengi hukiruka kipimo hiki kwa haraka ya kupata grafu inayoteremka.

Dalili: amekwama kwenye nusu kwa nusu

Usitazame wastani. Chukua kalamu, andika kila zamu, yaani kila mara ya kuonyeshwa na kuchagua, alichagua upande gani. Njiwa anayedonoa kushoto tangu mwanzo hadi mwisho, ikiwa jibu sahihi limegawiwa sawasawa kushoto na kulia, atapata 50% kamili bila kutazama kielelezo hata mara moja. Hiyo ni tabia ya upande, na ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Mara nyingi chanzo chake kiko chumbani: chombo cha chakula kimekaa karibu zaidi na upande mmoja, dirisha linamulika kioo cha upande wa pili, au upepo wa kusi unampiga usoni akielekea kulia. Sawazisha hayo kwanza. Kisha tumia zamu za kusahihisha, yaani akikosea unairudia zamu ile ile, jibu likiwa upande ule ule, hadi apate. Zamu hizo za kurudia usizihesabu kwenye alama.

Kuna njia nyingine mbili za kufika nusu kwa nusu. Moja ni kurudi pale alipolipwa mara ya mwisho. Nyingine ni kupokezana, kushoto kulia kushoto kulia, na hii watoto wanaipenda sana. Ndiyo maana mpangilio wa pande haufai kutungwa kichwani. Louis Gellermann alitoa kanuni zake mwaka 1933 na bado zinafaa: pande zitokee mara sawa, upande mmoja usifuatane zaidi ya mara tatu, na anayepokezana tu asipate zaidi ya nusu.

Kuna pia kosa la kinyume, la kuona ufundi pasipo na ufundi. Mjaribiwa anayebahatisha kati ya machaguo mawili ana uwezekano wa takriban 5.5% wa kupata 8 au zaidi katika zamu 10. Unaonekana mdogo. Lakini wajaribu njiwa 10 wasiojua lolote, na uwezekano wa angalau mmoja wao kufika 8 ni karibu 43%. Huyo ndiye atakayepigwa picha na kuwekwa kwenye ripoti. Katika zamu 20, kupata 15 au zaidi kwa kubahatisha ni karibu 2%, kwa hiyo ongeza zamu kabla hujaongeza furaha. Na ukitumia machaguo manne, kama jaribio la kuoanisha la CANTAB, mfumo wa vipimo vya akili kwa kompyuta uliobuniwa Cambridge, kiwango cha kubahatisha ni 25%. Nimeona ripoti ikisema mzee mwenye 50% ya machaguo manne "alikuwa akikisia tu". Hakuwa akikisia.

Dalili: anakosea hata kielelezo kikiwa mbele yake

Hapa shuku jicho na picha zako kabla ya kushuku akili. Skrini ya tableti imetengenezwa kwa jicho la binadamu, lenye aina tatu za vipokezi vya rangi. Njiwa ana nne, na anaona miali ya urujuanimno ambayo sisi hatuioni. Manjano uliyoichagua kwa jicho lako huenda kwake si rangi moja na manjano ya kadi iliyochapishwa. Mbwa naye ana aina mbili tu, hivyo jaribio la nyekundu dhidi ya kijani linamwonea. Kwa wanyama, anza na tofauti kubwa za umbo na mwangaza, halafu punguza.

Kwa wazee, uliza kuhusu miwani na mtoto wa jicho kabla ya kuwasha tableti. Wengine wameiacha miwani nyumbani na wataona haya kukwambia. Kwa vijana wa kiume, jaribu upofu wa rangi. Au epuka rangi kabisa, itakuokolea muda.

Halafu kuna suala la malighafi. Mwaka 1979 Robert Serpell alilinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kunakili maumbo. Watoto wa Zambia waliwashinda wenzao kwa waya, wa Uingereza wakashinda kwa karatasi na kalamu, na kwa udongo wa kufinyanga hakuna aliyemzidi mwenzake. Angetumia kalamu peke yake, ungeambiwa watoto wa Zambia hawapambanui maumbo. Kwa hiyo mtoto wa Likoni anaposhindwa na vijimraba vya kufikirika ulivyovipakua kwenye intaneti, mpe kazi ile ile kwa vitu vya kushika: visoda, makombe ya pwani, vipande vya vitambaa. Akipanda kutoka 55% hadi 90%, umejifunza kitu kuhusu picha zako. Hapo jirani Kilifi watafiti akina Amina Abubakar na Penny Holding walikwisha kuifanya kazi hii ya kutengeneza vipimo vya watoto vinavyolingana na mazingira ya pwani. Tafuta kazi zao kabla ya kuagiza vifaa vya mbali.

Dalili: anafanya vizuri mno

Alama ziko juu, na ukiongeza muda wa kungoja kutoka sekunde 2 hadi 30 hazishuki. Watu hufurahia hapa. Mimi ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi.

Kwa mnyama, sababu ya kwanza ni wewe. Farasi Hans wa Berlin alihesabu na kujibu maswali mbele ya umati hadi Oskar Pfungst alipoonyesha, katika kitabu cha mwaka 1907, kwamba alikuwa akisoma miondoko midogo ya mwili wa muulizaji, ambaye mwenyewe hakujua kuwa anaitoa. Dawa ni rahisi: anayesimama mbele ya mnyama asijue jibu. Mwenzako apange kadi, wewe uziweke bila kuzitazama. Ikibidi, simama nyuma ya pazia. Sababu ya pili ni pua na alama ndogo: punje za mtama chini ya kikombe sahihi peke yake, au kadi moja iliyokunjika pembe. Weka punje chini ya vikombe vyote viwili, kimoja kikiwa kimezibwa asizifikie, na uwe na nakala kadhaa za kila kadi.

Sababu ya tatu ni nzuri zaidi kuitazama. Mwaka 1913 Walter Hunter aliwaonyesha wanyama mlango uliowaka taa, akawazuia, kisha akawaachia wauchague. Panya na mbwa walifaulu mradi waliendelea kuelekeza mwili kule kule. Rakuni na watoto waliweza hata walipogeuzwa. Blough naye aliona njiwa wake waliofanya vizuri walikuwa na vitendo vyao vya kurudiarudia wakati wa kungoja, kitendo kimoja kwa kielelezo hiki na kingine kwa kile. Mwili ulikuwa umebeba jibu. Je, hiyo ni kumbukumbu? Mwanafalsafa ajibu. Wewe piga video ya muda wa kungoja, na kama unamtaka mnyama akumbuke kwa kichwa, badilisha mahali pa machaguo kila zamu na umfanyishe kitu kingine katikati.

Kwa binadamu, anayebeba jibu ni ulimi. Tuseme umetumia picha za leso, yaani kanga, chaguo zuri kwa Mombasa kwa sababu kila mtu amezizoea na michoro yake ni mingi. Unamwonyesha mama mmoja wa Majengo leso, unangoja sekunde 30, unamletea nne. Anapata zote. Umepima nini? Amelisoma jina, maandishi ya chini, akawa analirudia kimoyomoyo. Asiyejua kusoma anapata nusu. Ukiandika kwamba kumbukumbu ya macho inategemea elimu, utakuwa umeandika uongo wenye takwimu.

Ushahidi wa jambo hili ni wa kale. Mgonjwa maarufu H.M., aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 na kubaki bila uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya, alipewa jaribio la kuoanisha na Murray Sidman na wenzake, wakachapisha mwaka 1968. Kwa kielelezo cha herufi tatu aliweza kuoanisha hata baada ya sekunde 40, maana herufi unaweza kujisemea. Kwa duara bapa za vipimo mbalimbali, ambazo hazina jina, alipotea baada ya sekunde chache.

Kwa hiyo kata picha, jina liondoke. Halafu usiridhike, kwa sababu mama yule atasema moyoni "ya korosho" na "ya maua", na amekwisha kupata jina jipya. Fanya machaguo yote yawe ya korosho, mji, yaani sehemu ya katikati, uwe ule ule, tofauti iwe kwenye pindo peke yake. Njia nyingine ni kuushughulisha ulimi wakati wa kungoja. Lloyd na Margaret Peterson mwaka 1959 waliwahesabisha watu kurudi nyuma kwa tatu tatu. Mimi siipendi kwa mtu ambaye hakwenda shule sana, kwa sababu kuhesabu kwenyewe kunageuka mtihani wa pili. Kurudia "moja, moja, moja" kwa sauti kunatosha.

Dalili: alikuwa fundi, ukampa picha mpya akapotea

Hii si hitilafu ya vifaa. Umegundua alichojifunza hasa. William Cumming na Robert Berryman mwaka 1961 waliwafundisha njiwa kuoanisha nyekundu, kijani na buluu hadi wakamaizi. Walipoingiza manjano, njiwa walipotea kwenye zamu za manjano. Hawakuwa wamejifunza "chagua kilicho sawa". Walijifunza kanuni tatu za kukariri: ukiona nyekundu donoa nyekundu, na kadhalika.

Tiba ni wingi wa vielelezo wakati wa kufundisha. Anthony Wright na wenzake mwaka 1988 waliwafundisha njiwa wengine kwa picha 2 na wengine kwa picha 152, na waliopitia picha nyingi ndio walioweza kuivusha kanuni hadi kwenye picha ambazo hawajawahi kuziona. Jamii ya kunguru huvuka kwa urahisi zaidi kuliko njiwa, na nyuki wa asali katika utafiti wa Martin Giurfa na wenzake wa mwaka 2001 waliihamisha kanuni ya "sawa" kutoka harufu hadi rangi. Nyuki! Basi usiseme mnyama wako ni mjinga kabla hujahesabu ulimfundisha kwa picha ngapi.

Najua kuna atakayewaza kunguru, maana Mombasa wamejaa na wanajiamini kupita kiasi. Kamwone kwanza msimamizi wako kuhusu kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na cha kamati ya maadili. Kumtega ndege wa porini si sawa na kufanya kazi na njiwa wa nyumbani.

Dalili: anaanza vizuri, anaishia vibaya

Gawa kikao katika robo nne, linganisha ya kwanza na ya mwisho. Kisha tazama kasi. Njiwa akizidi kuchelewa kuchagua na kuacha punje zimelala, ameshiba. Akipanua mdomo na kutikisa koo, ni joto, na mwezi wa Februari na Machi darini joto hilo si la mchezo. Simamisha kikao, mpe maji. Fanya vikao alfajiri kabla ya chakula chake cha kawaida, vifupi.

Lakini kama kasi haikubadilika na makosa tu yameongezeka, tazama anachokichagua akikosea. Ikiwa ni kile kilichokuwa kielelezo katika zamu iliyopita, hajasahau. Anakumbuka mambo mengi mno na hajui lipi ni la sasa. Ukiwa na picha mbili tu zinazopokezana, kila moja imekuwa jibu sahihi dakika moja iliyopita. Mortimer Mishkin na Jean Delacour waliliondoa tatizo hili kwa kima mwaka 1975 kwa kutumia vitu vipya kila zamu, na hapo hapo wakaona kuwa kima hujifunza haraka zaidi wakitakiwa kuchagua kigeni badala ya kilichofanana, kwa kuwa ugeni unawavuta. Kwa anayeanza na mnyama mdadisi, jaribio la kuchagua kisichofanana linaweza kukuokolea wiki nzima. Kama huna vitu vipya vya kutosha, refusha mapumziko kati ya zamu na zamu.

Dalili: mzee anasema "ndiyo" kila mara, mtoto anabadilisha jibu

Ukimwonyesha mtu picha moja moja na kuuliza "Ni hii?", unapima kumbukumbu na adabu kwa pamoja. Bi mkubwa aliyekukaribisha kwake na kukuwekea kahawa hatapenda kukukatalia wewe, uliye kama mjukuu wake, mara ishirini mfululizo.

Hesabu inaonyesha ukubwa wa tatizo. Mtu wa kwanza anasema "ndiyo" kwa 95% ya picha alizoziona na kwa 60% ya asizoziona. Wastani wake wa usahihi ni 67.5%. Wa pili anasema "ndiyo" kwa 75% na 25%, wastani 75%. Ungesema wa pili ana kumbukumbu bora. Lakini kipimo cha upambanuzi, d′, kinachotenganisha uwezo wa kutofautisha na mwelekeo wa kusema ndiyo, kinampa wa kwanza takriban 1.39 na wa pili 1.35. Wako sawa. Unakipata kwa kutoa thamani ya z (asilimia iliyogeuzwa kuwa umbali kutoka katikati ya mkunjo wa kawaida wa takwimu) ya "ndiyo" zisizo sahihi kutoka kwa ile ya "ndiyo" sahihi, na Excel inakufanyia kwa NORM.S.INV. Ukikuta 100% au 0% fomula itagoma. Njia ya kawaida ni kuongeza nusu kwenye hesabu ya "ndiyo" na moja kwenye jumla ya zamu, na kuwafanyia wote hivyo hivyo.

Bora zaidi, ondoa "ndiyo" kwenye jaribio. Weka mbili mezani na useme, "Mamangu, zote mbili ni nzuri, lakini moja umeiona sasa hivi. Ni ipi?" Hapo hakuna jibu la heshima wala la ufidhuli.

Kwa mtoto, usimuulize swali moja mara mbili. Susan Rose na Marion Blank walionyesha mwaka 1974, katika majaribio ya aina nyingine, kwamba mtoto anayeulizwa tena hukosea zaidi, na si ajabu: akiulizwa tena na mtu mzima huchukulia kuwa la kwanza halikuwa sahihi, kama chuoni kwa mwalimu. Mwambie mapema, "Nitauliza mara moja moja, na sitasema umepata au umekosa."

Dalili: asubuhi mtu mwingine, alasiri mtu mwingine

William Roberts na Douglas Grant mwaka 1978 walieleza jinsi mwanga wakati wa kungoja unavyoharibu kumbukumbu ya njiwa. Chumba chenye dirisha la magharibi hakina mwanga mmoja saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Funika dirisha, tumia taa yako. Jua likipiga skrini, hata kumaizi kielelezo ni kazi. Vidole vyenye jasho navyo havisomwi na skrini, na programu inaandika kimya "hakujibu". Weka kitambaa mezani, na utofautishe "hakujibu" na "amekosea" kwenye faili lako.

Wakati wa Ramadhani usilinganishe kikao cha saa mbili asubuhi na cha saa kumi na moja jioni kana kwamba ni mtu yule yule. Usingizi wake umekatwa na daku na tumbo ni tupu. Panga wote saa ile ile, au ngoja hadi baada ya Idi. Adhana ikiingia katikati ya kungoja, simama. Stima ikipotea, vivyo hivyo. Zamu iliyokatizwa haiwi kosa wala haiwi sahihi: ifute, andika sababu kwenye ukingo wa karatasi, na uirudie mwisho wa kikao kwa kielelezo kingine, kwa sababu hicho ameshapata muda mrefu kupita kiasi wa kukifikiria.